Kiboksi cha kubusti, kwa gari la Mombasa linalopanda bara

Shule zikifungwa na familia kuanza kufunga safari za bara, maduka ya vifaa vya magari hapa Mombasa huweka mbele kabisa kile kiboksi cheusi cha kubusti gari, yaani kuliwasha betri yake ikiishiwa, kando ya taa za LED na vifuniko vya usukani. Ukubwa wake ni wa kitabu kinene, uzito kama pakiti ya nusu kilo ya sukari au zaidi. Ndani mna seli za lithiamu. Ubavuni mna tundu, mara nyingi la buluu, la kuchomekea waya mbili fupi zenye vibanio, chekundu na cheusi. Juu ya kasha kuna maandishi makubwa: 1000A, 20000mAh, petroli na dizeli. "Hii inawasha hata lori, mkubwa," muuzaji atakuambia, na hapo hajakuuliza unaendesha gari gani.

Tathmini hii ni ya aina hiyo ya viboksi kwa jumla, si ya chapa moja, kwani vingi vinavyouzwa hapa ni ndugu wa tumbo moja: kasha tofauti, jina tofauti, matumbo yaleyale. Anayeangaliwa ni mtu wa pwani anayepanda bara Juni, Julai au Agosti, gari likalala Limuru au Nyahururu, alfajiri likakataa kushika. Kiboksi kitamtoa? Kitamtoa kama shida ni betri, na kwa shida hiyo kinashinda waya za kubusti, zile za kuazima umeme wa gari jingine. Shida nyingine zote hakina la kufanya, na bila multimita, mita ya kupima volti, mkononi mwenye gari hatajua yuko upande gani. Ndiyo maana nusu ya maneno yanayofuata ni ya multimita, ingawa haipangwi mbele dukani.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana wengi huulaumu upepo wa bara bure. Usiku wa Julai Mombasa huwa kama nyuzi 20. Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, alfajiri hiyohiyo yaweza kuwa nyuzi 8. Hiyo ni baridi ya kuvaa sweta, si baridi ya kuua betri. Betri nzima ya risasi na asidi hata ikifika nyuzi 0 bado hutoa kama asilimia 80 ya uwezo wake. Ile namba ya CCA, ampea za kuwashia kwenye baridi, iliyobandikwa ubavuni mwa betri nyingi hupimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri: betri inatakiwa itoe ampea hizo kwa sekunde 30 bila volti kushuka chini ya 7.2. Betri inayofaulu mtihani huo haiwezi kushindwa na nyuzi 8 za Nyahururu. Ikishindwa, basi ilipanda bara tayari mgonjwa.

Na ugonjwa huo iliupatia huku. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kemia inayoila betri huenda kasi takriban mara mbili. Gari likikaa foleni ya feri Likoni saa nane mchana, injini ikinguruma na feni ya rejeta ikipuliza hewa ya moto, betri iliyo chini ya boneti inapikwa. Maji yanakauka, kimiani cha risasi upande wa chanya kinalika, unga wa bamba unadondoka chini ya seli. Pwani hutaona dalili, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na injini haihitaji nguvu nyingi kuzungushwa. Betri iliyobaki na nusu ya nguvu zake inawasha Probox Kisauni kila siku bila lalamiko. Juu kule inadaiwa zaidi ya ilichonacho, siri inafichuka.

Oili nayo ina lake. Magari mengi ya pwani humwagiwa 20W-50 kwa sababu "huku ni joto". Ile W ni ya majira ya baridi: kadiri namba iliyo mbele yake inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyobaki nyepesi injini ikiwa imepoa. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye Probox, Fielder na Vitz nyingi imeundiwa oili nyepesi ya jamii ya 5W-30. Ukiijaza 20W-50 na kuilaza kwenye baridi, alfajiri staata, ile mota ya kuzungusha injini, inasukuma uji badala ya chai. Kama injini yako haijachakaa kiasi cha kula oili, kubadilisha kabla ya safari kutakusaidia kuliko kifaa chochote kilicho kwenye rafu.

Kuna hoja moja ambayo mafundi wengi wa barabarani huiruka. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na Nyahururu iko mbele zaidi. Mwendo wa saa nane au tisa unaitosha kabisa altaneta, kile kichaji kinachozungushwa na injini. Betri inapaswa kufika imejaa. Kwa hiyo asubuhi ukiikuta na volti 12.2, usiseme haikupata chaji. Ama altaneta haikuchaji njia nzima, ama kuna kitu kilichokunywa umeme usiku, ama betri haiwezi tena kushika inachopewa. Taa ya ndani ya wati 5 ikisahauliwa saa 10 hunywa kama ampea-saa 4. Hiyo peke yake haitoshi kuiangusha betri nzima ya ampea-saa 45. Kamera ya dashibodi iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri, jokofu dogo la gari, amplifaya ya muziki: hao ndio washukiwa.

Sasa kiboksi. Soma lebo kutoka chini kwenda juu, si juu kwenda chini. Namba ya mAh hupigwa kwa volti ya seli moja, yaani 3.7, si kwa volti 12. Kiboksi cha 12000mAh kina wati-saa 44.4; ukizigawa kwa 12 unapata kama ampea-saa 3.7 za upande wa gari. Cha 20000mAh kina wati-saa 74. Wati-saa ndiyo namba ya kweli, na kwenye bidhaa isiyo na aibu utaikuta kwa maandishi madogo nyuma, ikifuatwa na herufi Wh. Isipokuwepo, pima uzito kwa mkono. Seli zinazoweza kutoa umeme mwingi kwa mkupuo hubeba takriban wati-saa 150 kwa kila kilo, zikizidi ni kidogo. Wati-saa 74 basi zinahitaji karibu nusu kilo ya seli peke yake, kabla hujahesabu kasha na taa ya tochi. Kiboksi chepesi kama simu kinachodai 30000mAh kinakudanganya mchana kweupe.

Ile 1000A ni ya kufumba na kufumbua, na hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na viwanda vyote, kwa hiyo usiinunulie. Tazama kama lebo inataja ampea za kuwashia, ambazo huwa ni sehemu tu ya ile namba kubwa. Staata ya petroli ya lita 1.5 ikishazunguka inataka kama ampea 100 hadi 150. Sekunde ya kwanza inaruka juu zaidi. Dizeli ya lita 3.0, ya Hiace au Prado, inafika 300 na kuendelea.

Hesabu ya nishati yenyewe inafurahisha. Ampea 150 kwa volti 10 kwa sekunde 3 ni wati-saa 1.25 tu. Kwa kalamu na karatasi, kiboksi cha wati-saa 44 kingewasha Vitz mara 30 na zaidi. Hakifiki huko, kwa sababu kinachokikwamisha si wingi wa umeme bali upenyo wa kuutoa kwa haraka: upinzani ndani ya seli, waya nyembamba, vibanio vibovu. Na seli za lithiamu nazo hupungukiwa na nguvu zikipoa. Usikilaze kwenye buti Nyahururu. Kilale nawe chumbani, alfajiri ukitoe kikiwa na joto.

Waya ndipo viwanda vinapobania pesa, kwa hiyo fungua kasha ukiwa dukani. Urefu wa sentimita 30 si kasoro, ufupi unasaidia. Angalia unene wa shaba palipochunwa ngozi: milimita za mraba 8 hivi ni sawa kwa petroli ndogo, chini ya hapo plastiki itakuwa laini mkononi mwako kwenye jaribio la tatu. Kisha panua kibanio uchungulie ndani. Kwenye vingi vya bei nafuu, waya umelehemewa taya moja tu. Taya ya pili imeshikwa na springi na pini, haipitishi umeme wa maana. Vizuri huwa na utepe wa shaba unaounganisha taya mbili. Ukikuta cha taya moja na ukalazimika kukinunua, basi unapobana hakikisha taya yenye waya ndiyo inayouma upande msafi wa terminali. Tofauti ya kushika na kutoshika yaweza kuwa hapo tu.

Kwenye waya kuna kidude chenye taa ya kijani na nyekundu. Hicho ndicho kinachohalalisha kununua kiboksi badala ya waya za kubusti. Ukigeuza vibanio, chekundu kwenye hasi, kinakataa na kupiga kelele, wakati waya za kubusti zingeunguza dayodi za altaneta au fyuzi kuu papo hapo. Lakini kina mlango wa nyuma: kitufe cha BOOST. Betri ikishuka mno, kwenye vingi kama volti 2 au 3, kidude hakiioni na hakitoi umeme. Kitufe hicho hukilazimisha. Ukikibonyeza, ulinzi wote umeuzima. Vibanio vikigusana wakati huo ni cheche na moshi. Angalia mara mbili kabla ya kubonyeza, usiku tumia tochi, na usiguswe na haraka ya watu waliosimama wakikutazama.

Kukitumia kunataka utaratibu. Zima taa, feni, redio, chomoa chaja za simu. Gia iwe P au N, breki ya mkono juu. Bana chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye chuma kitupu cha injini au kwenye hasi ya betri, kisha ndipo uchomeke waya kwenye kiboksi. Kwa mpangilio huo cheche ikitokea itatokea kwenye kiboksi, mbali na haidrojeni inayotoka kwenye betri. Karatasi ya kiboksi chako ikisema vingine, fuata karatasi. Kiboksi kionyeshe angalau nusu ya chaji. Washa swichi bila kupiga staata, subiri sekunde mbili tatu pampu ya mafuta ijaze njia, kisha piga staata sekunde 3, zisizidi 5. Isiposhika, subiri nusu dakika. Seli zinahitaji kupumua. Ukishapiga mara tatu au nne bila mafanikio acha, maana shida si umeme tena na unakipika kiboksi bure. Injini ikishika, chomoa waya kwenye kiboksi ndani ya sekunde 30, halafu cheusi, halafu chekundu. Altaneta inatoa volti 14 na ushei, na hazifai kurudi kwenye seli za lithiamu zinazojaa kwa volti 12.6.

Usizime injini kwa furaha. Endesha saa nzima. Kunguruma papo hapo hakuchaji sana. Na fundi akitaka kuvua terminali injini ikiwaka ili "apime altaneta", mzuie kwa heshima lakini mzuie. Mruko wa volti unaotokea hapo unaweza kuua kompyuta ya injini yenye thamani ya betri kadhaa. Multimita inajibu swali hilohilo kwa kugusa tu: 13.8 hadi 14.5 injini ikiwaka, altaneta ni nzima. Ikionyesha 12.3 na inashuka, haichaji.

Hapo ndipo tunarudi kwa ile mita ya njano ya DT830, inayouzwa bei ya chai na mahamri ya familia. Gurudumu liweke kwenye volti za DC, 20. Waya nyekundu ikae kwenye tundu la VΩmA, kamwe si la 10A, maana hilo ni kama msumari mtupu: ukiligusisha kwenye betri unaipiga shoti. Gari likiwa limelala usiku mzima, gusa terminali mbili. 12.6 au 12.7, imejaa. 12.4, robo imeondoka. 12.2, nusu. Chini ya 12.0, karibu tupu. Na ukiona 10.5 iliyotulia, usihangaike kuchaji: betri ina seli sita za volti 2.1, na hapo moja imekufa. Kiboksi kitaiwasha gari hiyo leo, kesho na keshokutwa, huku altaneta ikijichosha kujaza pipa lililotoboka.

Volti za kupumzika hazitoshi, lakini. Betri iliyochoka yaweza kuonyesha 12.5 safi kisha ikaanguka ikiguswa. Mtu mwingine apige staata, wewe utazame mita. Isishuke chini ya 10 hivi, ikifika 9.6 imekaa ukingoni, ikianguka hadi 8 au 7 huku staata ikigugumia, betri imekwisha. Hicho ndicho kipimo cha kufanyia Mombasa, alfajiri ya siku moja kabla ya safari. Ukiona 9.8 nyumbani kwenye nyuzi 23, jua Nyahururu utaona mabaya zaidi.

Sikio nalo ni mita. Tak-tak-tak-tak ya haraka, taa za dashibodi zikipepesa: volti hazitoshi, kiboksi kitasaidia. Kuzunguka kwa uvivu, kama mtu aliyeamshwa usingizini: betri, oili au waya, kiboksi kitasaidia mara nyingi. "Tak" moja nzito halafu kimya, taa za mbele zikibaki kali: staata yenyewe au muungano wake, na hata kiboksi cha mara tatu ya bei hakitafanya kitu. Staata za Denso kwenye Toyota huisha vile vipande vya shaba vilivyo ndani ya solenoidi, swichi ya staata; vipande na pistoni yake hununuliwa bila staata nzima, fundi wa umeme akiwa mkweli. Injini ikizunguka kwa kasi ya kawaida ila haishiki, sahau umeme wa betri kabisa. Tafuta mafuta, plagi, au taa ya ufunguo inayopepesa kwenye dashibodi ikisema haiutambui ufunguo.

Kuna kisababishi ambacho ni cha pwani hasa: terminali. Hewa ya chumvi na mvuke wa asidi hutengeneza ule ukungu mweupe wenye kijani, na adui zaidi ni ule usioonekana, ngozi nyeusi ya oksidi kati ya nguzo ya risasi na kibanio chake. Upime hivi: ncha moja ya mita kwenye nguzo yenyewe ya betri, nyingine kwenye kibanio cha waya kinachoishika, mtu apige staata. Inatakiwa karibu sifuri, 0.1 si mbaya. Ukiona volti 1, umeme unafia hapo, kwenye nafasi ya unene wa karatasi. Fanya vilevile kutoka nguzo ya hasi hadi chuma cha injini, ikizidi 0.3, waya wa erthi umeoza, mara nyingi mahali unapofungwa na chasisi ambapo maji ya bahari na matope hukaa. Betri ngapi nzima zimetupwa mji huu kwa kosa la waya wa erthi, Mungu ndiye ajuaye.

Dawa yake iko jikoni. Spana namba 10, vua hasi kwanza kisha chanya. Kijiko cha magadi katika kikombe cha maji ya moto, mwagia kwenye uchafu vifuniko vya seli vikiwa vimefungwa. Kitatoa povu hadi asidi imalizike. Osha kwa maji safi, kausha, sugua ndani ya kibanio na nguzo kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae kama sarafu mpya. Rudisha chanya kwanza. Kaza mpaka kisizunguke kwa mkono. Grisi au vaselini ipakwe baada ya kukaza, nje, si kabla. Kama betri yako ni ya kufungua, maji yafike kama sentimita moja juu ya bamba, na yawe maji ya betri yaliyotoneshwa. Maji ya kisima ya mji huu yana chumvi; ukiyatia unaipa betri sumu.

Wenye dizeli wasome hapa peke yao. Kwenye Hiace, kuchelewa kushika alfajiri Nyahururu kwaweza kusiwe betri bali plagi za hita, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Hewa kule imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani, mgandamizo wa silinda unakuwa na joto dogo, na plagi ambazo Mombasa hujui kama zimekufa zinatafutwa. Chomoa waya wake, pima omu kati ya kichwa cha plagi na injini: chini ya 2 ni nzima, mita isiposogea imekatika. Kumbuka plagi nne hunywa makumi ya ampea kwa pamoja kabla hata ya staata, kwa hiyo kiboksi kidogo kinaishiwa pumzi kabla ya kazi. Kwa dizeli ya lita 2.5 na 3.0 usishuke chini ya wati-saa 70. Na yule anayekupendekezea kupulizia dawa ya etha kwenye njia ya hewa, mwambie ahsante, hapana. Etha na plagi ya hita iliyowaka vimepasua injini za watu.

Kwa magari ya haibridi, kiboksi kidogo kabisa kinatosha. Kwenye Aqua au Prius betri ya volti 12 haizungushi injini. Inaamsha kompyuta tu, na betri kubwa inafanya mengine. Betri yenyewe imefichwa nyuma, chini ya kiti cha Aqua au kwenye buti ya Prius nyingi, ila ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti kuna kifuniko chekundu, na chini yake ndiyo chanya ya kubustia. Taa ya READY ikiwaka, kazi imekwisha.

Kasoro kubwa ya kiboksi kwetu sisi si ampea, ni joto. Gari lililoegeshwa juani Mama Ngina au Bamburi mchana wa Machi, dashibodi yake yaweza kufika nyuzi 70. Viboksi vingi vimeandikwa visihifadhiwe juu ya nyuzi 60 au hata chini ya hapo, na seli ya lithiamu iliyojaa pomoni ikikaa kwenye joto huzeeka haraka, huvimba tumbo, na ikiharibika sana hushika moto. Kwa hiyo kifaa kilichotengenezwa kikae garini hakifai kukaa garini Mombasa. Kiweke nyumbani kivulini, kikiwa na chaji kati ya nusu na robo tatu, kiongeze kila miezi mitatu, na ukijaze siku ya kuondoka. Ukiona kasha limetuna, hata kidogo, usikichaji tena.

Mpinzani wake, waya za kubusti, hazioti tumbo na hazihitaji kuchajiwa. Lakini zinahitaji gari la pili na mtu mwenye moyo, na zile nyembamba za mfuko wa plastiki nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu, nyeupe ikitokea umejua. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Za kweli za petroli ziwe na shaba ya milimita za mraba 16, za dizeli 25, na bei yake haiko mbali na ya kiboksi.

Alama zetu: kiboksi cha wati-saa 44 kwa petroli hadi lita 2.0, nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nyingine tungeipa kama vibanio vingekuwa na taya mbili hai. Cha 74 kwa dizeli, nyota tatu. Multimita, tano. Mwenye betri iliyopita miaka mitatu huku pwani, inayoshuka hadi 9.6 staata ikipigwa, asinunue kiboksi kabisa. Pesa hizo aziongeze kwenye betri mpya, akichukua namba iliyo ubavuni mwa betri ya zamani kama mfano. 46B24L si sawa na 46B24R: herufi ya mwisho ni mahali pa nguzo, na ukikosea waya haufiki. Gari lenye kuzima injini lenyewe kwenye taa za barabarani linataka ile yenye herufi kama Q-85 au M-42; ya kawaida haitadumu.

Ukishaamua kununua, usiondoke kaunta kabla hujakijaribu. Vua terminali ya hasi ya gari lako hapo nje, bana vibanio kwenye waya za gari peke yake, cheusi kwenye ile ya hasi uliyoivua na chekundu kwenye chanya, bonyeza BOOST, piga staata. Injini ikishika zima mara moja, sekunde ileile, maana haina betri ya kumeza mruko wa altaneta. Muuzaji aliyesema kinawasha lori hatakataa kijaribiwe kwenye Vitz.